Uongo Nilioumwaga Jikoni kwa Akina Yoder

Jumatatu, 3 Machi

Tumefunga msimu kwa kipigo. Tena kutoka kwa Bettina! Matokeo sitayaandika. Yamo kwenye gazeti la mji, pamoja na picha yangu nimeshika kichwa kwa mikono miwili kama mfiwa.

Bettina Crouse alikuwa msaidizi wangu miaka sita. Mimi ndiye niliyemfundisha ukocha. Alikuwa akinibebea mipira! Leo ni kocha mkuu wa mpira wa kikapu wa wasichana katika chuo cha ng'ambo ya mto, na kabati lao la vikombe limejaa mpaka wameongeza la pili. Kabati letu lina kikombe kimoja na mashine ya kahawa.

Baada ya mechi, Bwana Tibbets, mkurugenzi wetu wa michezo, akaniita ofisini. Akafunga mlango taratibu. Tibbets akifoka, uko salama. Akinong'ona, anza kufungasha. Akanong'ona. Baraza la chuo linakutana mwisho wa mwezi kunijadili. Nikimpata Kezia Yoder, yule binti mrefu wa shambani ambaye kila kocha wa Indiana anamtaka, atakuwa na la kunitetea. Nisipompata... Akatazama theluji dirishani.

Nimemsimulia Mama. Tunaishi wawili, ana miaka themanini na mbili na ulimi wa msichana. Akasema Bettina nilimfundisha vizuri mno. "Ungebakiza kidogo cha kwako, Lorna."

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa akina Yoder. Mpango: pai ya tufaha. Watu wa shamba huheshimu mkono unaopika. Wangu haupiki. Nikanunua ya dukani, iliyogandishwa, nikaihamishia kwenye sahani ya Mama, nikaichokoachokoa kingo kwa uma ionekane ya nyumbani. Nikaipitisha kwenye oveni. Juu ikaiva, rangi ya dhahabu. Nikawaambia nimeamka alfajiri kukanda unga.

Mzee Lowell, baba yake Kezia, akaweka kisu. Kikaingia kidogo, kikagoma. Akakandamiza. Ko! Katikati barafu tupu. Akamgeukia mkewe kwa upole kabisa: "Arlene, hebu niletee ule msumeno wa ghalani." Arlene akacheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. Kezia hakucheka. Alinionea huruma. Heri angecheka!

Kisha binti akasema, kwa sauti ya chini, kwamba moyo wake uko kwa Kocha Bettina. "Yule anasikiliza, Kocha. Anakuuliza kitu, halafu ananyamaza." Nikanyamaza, nimwonyeshe kwamba hata mimi naweza. Sikuweza. Nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba ni huruma tu, maana Bettina hatakuwepo mwakani. Chuo kikuu kile kikubwa cha kusini kimeshamwita.

Hakuna aliyemwita! Hakuna! Lowell akaweka kikombe chini. Arlene akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Wakati wa kuondoka nilishindwa kuwatazama usoni hata ng'ombe wao.

Ijumaa, 7 Machi

Mchana nimekula kwenye mkahawa wa Dot. Dot mwenyewe akaniinamia na birika la kahawa: "We shoga, umesikia ya Bettina?" Akanisimulia uongo wangu mwenyewe. Umenenepa! Sasa una gari jipya ndani yake, na nyumba yenye bwawa la kuogelea. Nikashtuka. Nilishtuka vizuri mno, nikamwaga supu mapajani.

Jioni Kezia kapiga simu. Anakuja kesho kututembelea. Nimerukaruka ofisini kama mtoto. Tibbets kaniona kupitia kioo, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu vuli.

Njiani kurudi nyumbani nikakumbuka mwaka ule nilipovunjika mguu. Bettina aliniletea chakula kila jioni mpaka plasta ikatolewa. Alikuwa akinikatia nyama, ingawa mikono yangu ilikuwa mizima.

Sikula. Mama kauliza kama naumwa. Nimesema ni supu.

Jumamosi, 8 Machi

Niliandaa mechi ya wenyewe kwa wenyewe ili Kezia aone wasichana wangu. Shida ni viti. Kwenye mechi zetu hukaa wazazi, pamoja na bwana mmoja ambaye nadhani hufuata joto tu. Nikawaahidi kwaya ya chuo piza ya bure waje wajaze jukwaa na kupiga kelele.

Kosa: niliagiza piza iletwe mapema. Walikula, wakafuta midomo, wakaondoka robo ya kwanza haijaisha. Wana mazoezi, ati! Wakabaki watatu wa sauti ya nne, wakishangilia pande zote mbili kwa sauti moja ya huzuni.

Hata hivyo Kezia alikuwa akitabasamu. Naye Lowell. Nikaanza kupumua.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Bettina! Akaja moja kwa moja kwangu, mbele ya watu wote, akanikumbatia. Akilia. Nikajua amejua.

Hakujua. Alikuja kunipa habari. Chuo kikuu cha kusini kimempigia, kweli! Kocha wao anastaafu. Wamesikia kila mtu anamtaka Bettina Crouse, wakaona aibu kwamba wao hawajampigia. Wanamfanyia usaili. Wanahitaji mtu wa kumsemea, naye kawapa jina langu. "Nani ananijua kama wewe, Kocha? Kila kitu umenipa wewe."

Nikampongeza. Nikatamani sakafu ya uwanja ifunguke, inimeze mimi na filimbi yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Wamepiga. Mama mmoja mwenye sauti ya hakimu.

Nilikuwa nimepiga hesabu tangu jana. Nikimsema vibaya, habaki mtu wa kumchukua, anabaki ng'ambo ya mto, na uongo wangu unajulikana ni uongo. Nikimsifu, anaondoka, uongo wangu unakuwa kweli, na Kezia ni wangu. Kwa hiyo nimsifu. Hesabu safi!

Nikaanza na maneno ya kawaida. Mchapakazi, mwaminifu. Yule mama akaomba nitoe mfano. Nikamweleza siku ile mchezaji wetu wa ulinzi alipofiwa na baba yake katikati ya msimu. Mimi nilikuwa nawaza nani atacheza nafasi yake. Bettina aliendesha gari usiku kucha kumpeleka msichana kwao, akakaa naye mazishini, akarudi hajalala, akaingia mazoezini. Hakumwambia mtu. Mimi niliambiwa na yule msichana, baada ya miaka.

Nikaongeza jingine. Na jingine. Nikagundua nalia kwenye simu. Kila neno lilikuwa kweli. Sijawahi kusema kweli nyingi namna ile kwa mkupuo mmoja.

Yule mama akasema ni nadra kusikia mkubwa akimsifu mdogo wake bila kinyongo. Nikakata simu. Nikafunika uso kwa fulana ya mazoezi.

Alhamisi, 20 Machi

Bettina kapata kazi. Kezia naye kachagua chuo. Chuo kikuu cha kusini. Anamfuata Bettina!

Bila shaka anamfuata! Mtoto wa darasa la kwanza angeliona hilo. Mama aliliona. Alisema aliliona siku ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani huo ndio mpango.

Saa kumi Bettina alikuja ofisini. Safari hii hakunikumbatia. Alisimama. Alisema alikwenda kwa akina Yoder kusaini karatasi, na Mzee Lowell, kwa furaha tu, akamwambia kwamba Kocha Lorna aliwaambia habari hizo mapema, kabla ya mtu yeyote.

"Ulisema Jumatano, Kocha. Wao walinipigia Jumamosi asubuhi."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maelezo matatu tayari. Nilitazama uso wake, nikayaacha yote matatu.

Nikasema nilidanganya. Nikasema niliogopa kufukuzwa. Nikasema nisamehe.

Akaketi. Akatazama kabati letu, kikombe kile kimoja. Tulikichukua pamoja, yeye na mimi. Akasema usiku ule wa simu yule mama alimsomea niliyoyasema, naye akalia njia nzima kurudi nyumbani. Sasa hajui aliache chozi lile au alichukue tena. "Yale uliyasema kwa sababu gani?"

Nikamwambia ukweli. Nilianza kwa hila. Katikati hila ikanipotea.

Alikaa kimya, ule ukimya wake wa kusikiliza. Halafu akainuka. Alisema hatamwambia Tibbets. Alisema ataniita Kocha mpaka afe, ila chakula cha jioni nisingoje aniletee tena. Akafunga mlango taratibu.

Sijawahi kuona haya hivi. Nimekaa gizani mpaka mfagizi akawasha taa, akaniomba radhi. Yeye aniombe radhi mimi!

Kuanzia leo ni kweli tupu. Naapa.

Jumatano, 26 Machi

Baraza limekaa. Nimebaki! Mwaka mmoja zaidi. Yule mama wa kusini alimwandikia mkuu wa chuo chetu kumsifu kocha mwenye moyo safi kuliko wote aliowahi kuongea nao. Tibbets kaisoma barua hiyo mbele ya baraza zima. Mkuu wa chuo alitoa leso. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Ila walikuwa wanapiga makofi.

Kisha mchana ikaja simu kutoka Indianapolis. Chama cha makocha wa wanawake kina mkutano mwezi ujao, wanataka mzungumzaji mkuu. Ukumbi wa hoteli, watu mia tatu, vijana wanaoanza kazi. Mada: Uaminifu Katika Ukocha. Wamesikia habari zangu.

Nilisita. Nilisita sana, kama dakika nzima. Nikakubali.

Mama kauliza nitawaambia nini, watoto wa watu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nitaanza na kisa cha kweli kilichonitokea ujanani, cha refa, mpira uliogusa mstari, na msichana aliyekataa pointi isiyo yake.

Kinakwenda vizuri. Nimeshatunga mpaka refa anavyoanza kulia.