Nilivyomkimbia Mke wa Mwanangu Wodini

Leo nimejiaibisha, jamani. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjasikia kwa mdomo wa mwingine.

Mnajua nimelazwa hapa Mbeya kwa ajili ya mguu. (Panga lilikosa mgomba likanipata mimi. Mgomba wenyewe bado umesimama, kanikatieni.) Daktari alisema nichomwe sindano kila siku, nisiruke hata moja, la sivyo mguu utakatwa. Nikakubali. Miguu ninayo miwili tu.

Asubuhi jirani yangu wa kitanda, mtu wa Igowole asiyenyamaza hata akinywa uji, akaniambia kwamba mke wa mwanangu Anyosisye, yule nesi aliyekuwa Iringa, kuanzia leo yuko wodi hii hii. Nikaweka uji chini. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawaonani kabisa, wala hawasemezani. Hata njiani, yeye hujitosa kichakani mpaka mzee apite. Sasa aje kunichoma sindano, na sindano yenyewe inachomwa pale ninapokalia?

Saa nne nikaona nesi anakuja na trei. Kitambaa kimemziba mdomo na pua, sura sikuiona. Sikungoja. Nikaruka kwa mguu mmoja. (Lile shati la wagonjwa hufungwa mgongoni kwa kamba mbili. Zangu zilikatika tangu juzi.) Wodi nzima ikanyamaza, hata yule wa Igowole.

Nikaona mlango wa chumba cha mashuka. Nikaingia kinyumenyume, jicho kwenye ufa, nitazame yule nesi amefika wapi.

Nyuma yangu mtu akakohoa.

Ndiye. Mke wa mwanangu. Kumbe ilipofika saa ya sindano yangu alijificha humo nisije nikamwona, na yule mwenye trei ni binti wa Kihehe aliyemshikia kazi. Nimemkimbia mgeni, nikamfuata mkwe, tena nikatanguliza upande usio na kamba.

Nikafumba macho, kana kwamba nikifumba mimi haoni yeye. Nikasikia shuka linanishukia toka kichwani hadi miguuni. Halafu akasema polepole, sauti ameielekeza kando:

"Wewe ukuta, mwambie mzee sindano ya leo bado. Mguu ukikatwa, wajukuu atawakimbiza vipi?"

Nikajibu, "Ukuta, mwambie nimesikia. Mwambie na ahsante."

Akagonga mlango. Yule binti wa Kihehe akaja, akanishika mkono, akanirudisha kitandani nimefunikwa gubigubi kama maiti anayetembea. Akavuta pazia, wale wenye macho wakabaki na macho yao. Nikamuuliza alikuwa na haraka gani na mimi.

"Baba, nilikuwa nakuja kukuuliza tu. Nikuchome mimi, au nimwite dresa, yule mwanaume anayefunga vidonda? Mwili ni wako."

Mimi tangu nizaliwe sijaulizwa hivyo, hata siku ya kuoa sikuulizwa. Nikaomba dresa. Akaja, akaniuliza jina ingawa analijua, akasoma karatasi, akachoma. Mguu bado ninao. Mungu awabariki wote watatu, nao ukuta pia.

Mkitaka kucheka, chekeni. Ila mwenye haki ya kucheka kuliko ninyi nyote alikuwa mle chumbani, na hakucheka.