Fungate Iko Besi ya Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi 2025
Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Bhoke kanipikia uji wa wimbi, akaniita "Zadock wangu" kabla sijanawa uso. Habari kubwa: Madam Pauline, mwalimu mkuu, amegawa watoto wa besiboli mafungu mawili. Moja langu, jingine la Werema, muuza vipuri vya pikipiki. Tunacheza Jumamosi. Kocha atakayeshinda ataipeleka timu ya shule kwenye mashindano Homa Bay siku tatu, kula na kulala bure, na atachagua msaidizi. Wangu nimeshamchagua. Ana vishimo mashavuni! Hiyo ndiyo fungate niliyomwahidi, kando ya ziwa. Kasoro moja: besiboli nimeiona kwenye simu tu. Bhoke anaamini nilikuwa nyota sekondari. Tulikuwa tunachumbiana, ningesema nini?

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi uwanjani, kando ya shamba la miwa. Besi zetu, vituo vinne vya kukimbilia, ni magunia ya makapi. Nimebuni ishara za siri. Kofia: kimbia. Sikio: simama. Goti: rudi. Siafu wakanipanda. Nikajikuna kila mahali. Wakimbiaji wakatawanyika kama kuku! Werema akapita, akauliza bwana arusi anacheza ngoma gani.

Jumatano, 5 Machi
Ishara nimefuta. Sheria mpya, moja tu: mkimbiaji anitazame mimi, si mpira. Nikikimbia, akimbie. Nikisimama, asimame. Tumerudia hadi jua likazama. Hata ndotoni watanifuata! Ulinzi, aibu tupu. Mipira ya chini yote ilipita katikati ya miguu. Werema akasema asali ya fungate imenikaza magoti hadi hayakunjiki, na watoto wameambukizwa.

Alhamisi, 6 Machi
Bhoke kaniletea chai uwanjani. Akatazama kidogo, akavua viatu, akavaa glavu. Akawaambia watoto wainame kama wanaokota dagaa wa omena, glavu iguse nyasi, mkono wa pili uwe kifuniko, kisha warushe kwenye besi iliyo mbele ya mkimbiaji. Hakuna mpira uliompita! Kumbe alicheza miaka minne shuleni. Nimeoa ukuta! Nikamwambia hayo ndiyo niliyopanga kufundisha kesho. Akacheka, akanipangusa vumbi shavuni. Nikasahau nilikuwa nasema nini.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe anakuja kesho! Rael, kitinda mimba wake, yuko timu yangu. Bhoke kanikumbusha kwamba kwao Wakuria, mkwe hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe. Humpisha njia. Nikamwambia sisi Wajaluo pia tuna heshima hiyo, asihofu. Nitampisha hadi ashangae.

Jumamosi, 8 Machi
Zamu yetu ya mwisho ya kupiga. Timu ya Werema inaongoza kwa pointi moja. Magunia yote matatu yana watu wetu, Rael akiwa besi ya tatu. Phanice, mpigaji wetu, akapiga mpira mrefu, ukawapita wote! Homa Bay hiyo! Nikainua mguu niwaongoze besi ya nyumbani, inakohesabiwa pointi. Lo! Mama mkwe, mwavuli mkononi, anatafuta kivuli, anakuja moja kwa moja kwenye mstari wangu. Hatua tatu! Nikageuka, nikatimka ndani ya miwa. Heshima ni heshima. Nyuma yangu nikasikia vishindo. Rael. Nyuma yake wa besi ya pili. Kisha wa kwanza. Kisha Phanice, gongo la kupigia bado mkononi.
Mwamuzi akatangaza watatu wametoka kwa kuacha njia, na watatu wakitoka zamu imekwisha. Mchezo kwisha.

Jumapili, 9 Machi
Werema amechagua msaidizi. Bhoke! Anasema anataka yule aliyefundisha ulinzi. Mama mkwe atafuatana nao. Ametuma ujumbe kuwa hajawahi kuona mkwe mwenye adabu ya mbio namna ile.
Nilisononeka hadi chai ilipoiva. Kisha nikasikia Homa Bay wanakosa mwamuzi! Nimepiga simu. Nimewaambia nilikuwa mwamuzi hodari sekondari. Wamekubali! Fungate imefufuka!
Bhoke anasema mama ameipenda besiboli, na huko atakaa nyuma kabisa ya besi ya nyumbani, pale pale anaposimama mwamuzi. Haidhuru. Mwamuzi hufunika uso.
Rael ameuliza kama ile sheria yangu bado ipo. Nimemwambia ipo, daima.
Na mambo yakizidi, nimeulizia: kutoka uwanjani hadi ziwani ni mteremko mtupu.