Geji ya Mama Saruji

Injinia hakusomea uinjinia mahali popote. Jina lilikuja na ovaroli ya buluu aliyoinunua kwenye mitumba, nayo ilimkaa vizuri hata watu wakaanza kumuuliza habari za magari yao kabla hajafungua mdomo. Akishaufungua, basi tena. Alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni na kumuuzia viatu.

Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea ukuta wa kituo cha mafuta, akitafuta riziki kwa macho. Alikuwa na haraka. Kwa dada yake, alikokuwa akilala kwenye sofa la sebuleni, shemeji yake alikuwa ameanza kuwasha taa alfajiri na kukohoa kikohozi kisicho na ugonjwa, na Injinia aliielewa lugha hiyo. Alichokitamani ni gari lake mwenyewe, kubwa, la kukodisha kwa watu wa milimani, limpatie chumba na heshima. Akiba yake yote, pamoja na pikipiki, ingetosha, ili mradi ampate mwenye gari anayeuza kwa hofu.

Ndipo akaingia Mama Saruji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akiendesha gari lake la dizeli lenye turbo, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Nyuma alikokota tela la saruji. Alikuwa akimlalamikia muuza mafuta kwa sauti ya kutosha kituo kizima: gari likipanda kilima na mzigo linachemka hadi boneti haishikiki. Ameambiwa kuna geji ya kupima joto la moshi, lakini gereji aliyoiuliza imemtajia bei ya kumpandisha presha. Mama huyo alijulikana kwa kubana. Misumari yake aliipima mara mbili, na ya pili ilikuwa ya kupunguza.

Injinia akajifuta mikono iliyokuwa safi, akasogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye fundi?"

Akamweleza, kwa upole wa daktari wa watoto, kwamba geji ya joto la maji ni mbea tu, huleta habari nyumba ikishaungua. Ukweli wa injini ya turbo uko kwenye moshi, pale unapotoka kwenye injini kabla haujaifikia turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Joto likizidi pale, vyuma vinaanza kulainika huku dereva anapiga mluzi. Na tusimwonee: kila alichosema kilikuwa kweli. Injinia alipenda kutumia ukweli kama chambo, kwa sababu unanasa kuliko uongo.

Kazi hiyo ikifanywa kwa haki ina jasho. Bomba la chuma linalopokea moshi linafunguliwa, linatobolewa kwa keekee, kisha linasafishwa isibaki hata punje ya chuma ya kuingia kwenye turbo. Ndipo kijiti cha kupimia kinakazwa kwenye tundu na waya wake kupelekwa kwenye geji. Injinia alitaja bei ndogo, mama akakubali; akaleta geji, akamwomba mama akapumzike kivulini. Mama alipoketi, yeye akakifunga kijiti kwa seng'enge juu ya bomba, nje, pasipo tundu lolote, kikae pale kama pambo. Waya wa geji akaupitisha kwingine kabisa, kwenye kizungusho kidogo cha kuongezea sauti ya redio alichokificha nyuma ya pedali ya mafuta. Ukikanyaga, mshale unapanda. Ukikanyaga sana, unaingia kwenye nyekundu. Ilikuwa kazi safi, kwa kazi chafu.

Kesho yake mama alirudi ameshika shavu. Kilimani mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu mpaka akaona aibu kuutazama. Injinia akafunua boneti, akainusa injini, akatikisa kichwa. Moyo wa gari umeungua, alisema. Bado siku chache tu. Kisha, kama mtu anayejitwika mzigo wa wenzake, akadokeza kwamba yeye angeweza kulichukua walau kwa vipuri, amwondolee mama hasara.

Mama alilia kidogo. Halafu akapatana bei. Kwa mtu aliyekata tamaa, alipatana kwa nguvu za kushangaza: akiba yote ikaenda, na alipoambiwa haipo tena, akauliza ile pikipiki ni ya nani. Hapo mtu mwingine angeshtuka, lakini akili nyingi huondoa maarifa. Mwishowe, mbele ya duka lake, mama akawaita wateja wawili washuhudie.

"Geji umeiona ilivyo nyekundu?"

"Nimeiona, mama."

"Na bado unalitaka?"

"Nalitaka hivyohivyo."

Injinia alikaribia kumhurumia. Alikuwa hajawahi kukutana na mtu mwaminifu kiasi kile.

Alipokata kona alisimama, akachomoa waya wa kwenye pedali, na mshale ukalala kwenye kijani kwa utulivu. Akaenda moja kwa moja kumchukua dada yake na shemeji. Shemeji alikaa mbele, akapapasa kiti, akamwita "bosi" mara ya kwanza katika maisha yao. Injinia alijisikia vizuri hadi machoni. Akaelekea kilimani, akakanyaga.

Katikati ya mlima turbo ilianza kulia kwa sauti nyembamba. Ukafuata mlio kama sufuria imeanguka jikoni, kisha moshi mweusi ukaufunika mlima wote. Gari likazima.

Shemeji aliitazama dashibodi kwa makini.

"Mbona geji yako inasema mambo shwari?"

Injinia akafungua mlango, akashuka kusukuma.

Walilisukuma likageuka, likashuka mlima kwa uzito wake wenyewe, likafika mpaka mbele ya duka la Mama Saruji na kusimama hapo kwa hiari yake. Mama alikuwa akipima misumari, wateja wamejaa.

"Mama, umeniuzia gari bovu."

"Nimekuuzia gari lililoonyesha nyekundu, mbele ya mashahidi." Hakuondoa macho kwenye mizani. "Au unataka kusema geji ilidanganya?"

Wateja wakageuka. Injinia alifungua mdomo, akauona ukweli umekaa kwenye ncha ya ulimi, na nyuma ya ukweli huo akawaona polisi. Akaufunga mdomo.

Mama akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, ya kimama kabisa.

"Injini hiyo gereji waliniambia imekwisha tangu mwezi uliopita. Nilikuwa natafuta mtu wa kuichukua, hakuna aliyekuwa tayari. Fundi wangu alipoona kijiti kimefungwa seng'enge na tundu hakuna, nikajua nimempata. Ungetoboa lile tundu, mwanangu, geji ingekuambia."

Injinia alisimama pale na ovaroli yake. Iliuma, tena sana. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kazi ya yule mama ilikuwa nzuri, na hakukuwa na mtu wa kumsimulia.

"Basi, geji ni nzima," alisema kwa sauti, wateja wasikie.

"Nafurahi kusikia," akasema mama, akirudi kwenye mizani. "Sasa lisogeze gari lako. Linawazibia wateja njia."