Mtihani wa Wasiojua Mtandao

Kurugenzi ya Urahisishaji iliutangazia umma, kwa kipaza sauti na mabango saba, kwamba mtandao wa mtaa wa bondeni sasa utakuwa rafiki kwa kila asiye mtaalamu. Na ili urafiki huo uandaliwe vizuri, mtandao wenyewe ulizimwa.

Mkurugenzi aliyetia saini amri hiyo alikuwa mtu wa huruma. Kwa miaka miwili aliwasikitikia watu wa bondeni. Walikuwa wamepachika visanduku juu ya mapaa. Kila kisanduku kikapokea intaneti kwa jirani huyu na kumpasia yule, mpaka mtaa mzima ukawa unaongea bila kumwomba mtu ruhusa. Aliyewafundisha ni msusi mmoja waliyemwita Dada Chanuo. Mgeni akija alimkalisha kwenye benchi, akamweleza huku akisuka: "Wewe unampa jirani, jirani naye anakupa. Mmoja akilala, njia inapita kwa mwingine." Kichwa kikiisha kusukwa, mtu ameshajua kuwasha, kuzima na kupanda paani.

"Hakuna mtaala," Mkurugenzi alimlalamikia katibu wake. "Hakuna hata fasili ya mgeni! Wanapokea watu hivi hivi tu."

Kamati ikaundwa. Ilibishana wiki tatu kama mgeni ni mtu au ni hali, ikaafikiana kwamba ni hali iliyomo ndani ya mtu. Ukatoka Mwongozo Mwepesi wa kurasa mia mbili na kumi, na juzuu ya pili ya kufafanua ya kwanza. Kwa mujibu wa Mwongozo, anayestahili kupokewa kirafiki ni yule tu aliyethibitika kwamba hajui. Uthibitisho ni mtihani wa maswali kumi. Ukifaulu, unajua, hivyo huhitaji msaada. Ukifeli sawasawa, unapewa cheti. Na mtandao utawashwa siku atakapopatikana mwenye cheti wa kwanza.

Wa kwanza kufika alikuwa mkunga mstaafu, bibi wa mtaa mzima. Mjukuu wake alikuwa ng'ambo, mjamzito wa miezi minane, hana mtu wa kumshika mkono.

"Bibi," Mkurugenzi alimsomea kwa upole, "kisanduku cha jirani kikizimika, mtandao unapita wapi?"

"Kwa jirani mwingine. Kwani njia ni moja?"

Mkurugenzi alifumba macho. Akasoma la pili, la tatu, hadi la kumi. "Pole sana, Bibi. Umefaulu."

"Sasa pole ya nini, baba?"

"Hatuwezi kukusaidia."

"Basi niandikie sijui."

"Huo utakuwa uongo, Bibi. Serikali haipokei uongo kutoka nje."

Bibi alimtazama kama mtu anayetazama chungu kilichopasuka. "Mwanangu, watoto wa mtaa huu nimewapokea kwa mikono hii. Huyu mmoja, kumwona tu, mpaka nifeli?"

Mkurugenzi alihisi kitu kikimchoma kifuani. Akakiandika kwenye ripoti, chini ya "Mengineyo".

Wakaja wengine: fundi viatu, muuza mkaa, kinyozi. Wote walifaulu. Kinyozi alijitahidi kufeli, akaandika majibu kumi ya ovyo, lakini alipofika mlangoni aibu ikamshika, akarudi kuyasahihisha. Baada ya wiki mbili Mkurugenzi alikubali kwa uchungu kwamba Dada Chanuo ameuharibu mtaa mzima.

Ijumaa akaja Waziri, na wapiga picha, kumpongeza mgeni wa kwanza.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Mheshimiwa, zoezi la kumtafuta linaendelea vizuri."

"Hamna hata mmoja asiyejua?"

"Wanajua wote, kwa bahati mbaya."

Bibi akasimama. "Mheshimiwa, mbona huyu mwenye mtihani hajaulizwa?"

Watu wakacheka. Waziri naye akacheka, maana kamera zilikuwa zinamwangalia, kisha akamwashiria Dada Chanuo, aliyesimama mbele ya umati, aulize.

"Kisanduku cha jirani kikizimika, mtandao unapita wapi?"

Mkurugenzi alikuwa amelisikia jibu hilo mara arobaini. Ila kazi yake ilikuwa kupiga muhuri, si kusikiliza. "Unarudi makao makuu," alisema, "kusubiri maelekezo."

"Na kisanduku kinakaa wapi?"

"Kabatini. Limefungwa kwa ufunguo."

Alimaliza na sifuri kati ya kumi. Waziri, aliyekuwa na uzinduzi mwingine saa nane, alimkabidhi cheti cha Mgeni Asiye Mtaalamu Nambari Moja, akampa mkono, akapigwa picha. Mtandao ukawashwa. Ndipo katibu akamnong'oneza bosi wake kwamba mwenye cheti haruhusiwi kuamua jambo lolote la mtandao mpaka amalize mafunzo, na kwamba wilaya nzima ina mwalimu mmoja tu.

Jumanne asubuhi Mkurugenzi alikuwa kwenye benchi la saluni, katikati ya wanawake wanne, tai shingoni. Bibi alikaa karibu na dirisha, simu mkononi, mjukuu wake akilia kwa uchungu upande wa pili. "Pumua, mama. Polepole. Usisukume ba..." Picha ikaganda.

"Kisanduku chetu hapa juu kimelala kwa upepo, hakimpati jirani yeyote!" Dada Chanuo alisema, mikono yake imezama kwenye nywele za mteja. "Mgeni, panda!"

Mkurugenzi alipanda ngazi na viatu vyake vya ofisini. Juu ya bati la moto alikiinua kisanduku kwa mikono miwili, akakigeuza huku, akakigeuza kule.

"Hapo hapo! Usitikisike!"

Hakutikisika. Nusu saa nzima jua lilimchoma upara, mikono ikifa ganzi, huku chini Bibi akihimiza, akikemea, akibembeleza. Kisha kilisikika kilio chembamba, kikali, kutoka ng'ambo, na saluni ikalipuka kwa vigelegele.

Juu ya bati, Mkurugenzi alijikuta anatoa machozi, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Ni mtoto gani?" aliuliza kwa sauti. Hakuna aliyemsikia. Akauliza tena: "Jamani, sasa nishuke?"

Bibi alichungulia dirishani, macho yamelowa, uso unang'aa.

"Subiri hapo hapo, baba," alisema. "Tunakaa kikao kwanza."