Malalamiko Dhidi ya Mama Mkwe Kuhusu Kuzama kwa Mashua

Ansbert Mihayo,
Mtunza Ghala,
Nyakahura, Biharamulo.
17 Aprili 1996

Mzee Idefonsi,
Kijiji cha Nyakisasa,
Ngara.

Baba Mkwe mheshimiwa,

YAH: MAMA MKWE KUZAMISHA MASHUA YANGU NA KISHA KUNIKAMATA UKOSI WA SHATI

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na maharage yako hayajaharibiwa na mvua. Mimi sijambo, isipokuwa sikio la kushoto bado lina maji. Nimeandika kiofisi kwa sababu jambo lenyewe ni zito, na kwa sababu nikija kwa miguu yangu nitakutana na Mama mlangoni, na kwa sasa siliwezi hilo.

Najua Mama ameshakusimulia ya kwake. Najua pia kwamba mke wangu Priscila yuko hapo kwako tangu Jumapili, pamoja na watoto wetu Wiston na Agness, na kwamba amesema harudi Nyakahura mpaka nimwombe mama yake radhi. Baba, mimi ndiye niliyezamishwa. Naombaje radhi? Soma kwanza, kisha uamue.

Mashua hii sikuiiba kama shemeji Nzeyimana anavyotangaza. Yule mhandisi wa maji wa shirika letu la wakimbizi alifika kambi ya Benaco mwaka juzi na kontena la mabomba, na katikati ya mabomba alikuwa ameficha mashua yake ndogo ya tanga, pamoja na tela lake la magurudumu mawili. Alikuwa ameona kwenye ramani kwamba Kagera ina rangi ya buluu nyingi. Hakupata hata Jumapili moja ya kuishusha majini, maana wakimbizi walikuwa wengi kuliko maji. Mkataba wake ulipokwisha aliniachia mashua, tela na kitabu cha maelekezo cha kurasa arobaini, akaniambia niipeleke familia yangu ziwani. Tangu kambi ifunguliwe, huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kuniambia nipumzike. Nilimwahidi.

Wala sikukurupuka. Nilifanya mazoezi nje ya ghala: nikasimamisha mlingoti, nikakaza waya zake tatu, nikapandisha tanga. Kabla halijafika juu, foleni ilikuwa imejipanga, kina mama mbele na kadi zao za mgao mkononi, wakiamini tumefungua kituo kipya cha kugawa mahindi. Nilipanda juu ya tela nikawaeleza kwamba hiki ni chombo cha starehe. Walinisikiliza kwa adabu, wakabaki kwenye foleni.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Mama aliigeuza mashua kuwa mtumbwi wa pombe. Alipokuja kuwasalimu wajukuu baada ya Pasaka, aliikuta uani, mimi nikiwa kazini. Kwa kuwa inafanana na ule mtumbwi wako wa kukamulia ndizi, aliona mkwewe hatimaye amepata akili na ameanza kutengeneza rubisi. Akaisugua kwa majivu, akatandika nyasi, akapanga ndizi mbivu mikungu mitatu. Niliporudi nilikuta majirani wawili wameshakaa na vibuyu vyao wakisubiri. Ndizi tulizitoa, lakini naomba ikumbukwe kwamba mashua hii ina tundu dogo kwa chini, upande wa nyuma, la kutolea maji, nalo lina kizibo cha mpira. Anayeosha chombo ndiye anayefungua tundu. Sisemi zaidi kwa sasa.

2. Mama alipanda bila kualikwa nami. Walimwalika watoto. Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa imejaza mashua, nikayatoa maji yote mwenyewe mpaka tone la mwisho, kama ukurasa wa sita unavyoagiza, na hapo hapo dereva wetu Frednand akapiga honi, maana pikapu ilitakiwa kurudi jioni. Tukafunga tela haraka haraka. Kugeuka, namwona Mama ameshakaa kiti cha mbele cha pikapu na sufuria ya ndizi na maharage mapajani. Wewe unajua kwamba mimi na Mama hatukai mkeka mmoja, hatupeani mkono, wala hatuitani majina. Mashua yenyewe ina urefu wa hatua tano. Nilikaa nyuma kwenye mzigo mpaka Nyamirembe, nikiwaza mahali pa kumweka.

3. Mama aliharibu mpangilio niliouandaa kwa heshima yake. Ziwani Frednand alirudisha tela kinyumenyume mpaka mashua ikaelea, nami nikampangia Mama mbele kabisa, uso ukielekea mbele, halafu Agness, halafu Wiston, halafu Priscila, na mimi nyuma kwenye usukani. Katikati tanga lilining'inia kama pazia la chumbani. Kitabu kinasema watu wanne, sisi tulikuwa watano na sufuria. Maboya ya kuvaa yalikuwa mawili, tukawavisha watoto. Na Baba, nikwambie ukweli, upepo ulipolijaza tanga na mashua ikaondoka kimya kimya, Priscila alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu nianze kulala ghalani siku za mgao. Wiston alitumbukiza mkono majini akasahau kuutoa. Nilikuwa na furaha. Lakini tanga la mashua hii huhama upande kila unapogeuza, na lilipohama pazia liliondoka, kumbe Mama amegeukia nyuma, tukaonana uso kwa uso, mkwe na mkwewe, naye anakula ndizi. Nilifumba macho kwa adabu. Nahodha aliyefumba macho huenda anakopelekwa.

4. Mama hakutoa taarifa moja kwa moja. Hili ndilo kubwa. Maji yalianza kuingia, na yeye ndiye aliyeyaona kwanza. Lakini kwa kuwa hasemeshi mkwe, alimwambia Agness, Agness akamwambia Wiston, Wiston akamwambia mama yake, naye akaniambia mimi: Bibi anasema miguu imelowa. Nikajibu kwa njia hiyo hiyo kwamba ziwa ndivyo lilivyo. Jibu likasafiri mpaka mbele. Likarudi lingine, kwamba Bibi anasema sasa ni magotini na anauliza kama hilo nalo limo kitabuni. Nikaomba muda wa kutafuta ukurasa. Kama angenitamkia mwenyewe mara ya kwanza, tungekuwa tumeshageuka.

5. Mama alinitamkia mwenyewe. Mashua ilipolala ubavu karibu na ufukwe, Priscila alitembea zake mpaka nchi kavu, maji yakimfika kifuani, akiwavuta watoto wakielea na maboya yao. Mimi nilibaki nyuma kidogo, chini ya tanga, nikishughulikia kamba. Ndipo Mama alipopaza sauti mbele ya wavuvi, akaniita Ansbert, jina langu kamili nililobatizwa, akalifunua tanga, akanikamata ukosi wa shati kwa mikono miwili na kuning'oa kama muhogo. Kisha akanilaza kifudifudi mchangani na kunipiga mgongoni. Mkwe wake, Baba. Mgongoni, kwa kiganja, zaidi ya mara kumi. Wavuvi walipiga makofi.

Niliposimama niliuliza mbele ya watu wote ni nani aliyefungua kizibo, nikamtazama Mama. Alijifunga kanga yake iliyolowa, akaenda kukaa kwenye pikapu, huku wavuvi wakitusaidia kuipandisha mashua kwenye tela. Njia nzima hakuna aliyetoa ujumbe wowote kwa yeyote, na kesho yake wote wakaondoka.

Kwa hiyo naomba familia yako itekeleze yafuatayo. Kwanza, Mama akiri juu ya kizibo. Pili, kwa kunishika na kunitaja jina, nilipwe fidia ya mbuzi mmoja, jike, asiye kilema. Tatu, mitumbwi yote ya ndizi ya Nyakisasa iandikishwe kwa mwenyekiti wa kijiji na kupakwa rangi nyekundu, ili mashua isidhaniwe tena. Nne, akina mama wakwe wote wa tarafa wafanyiwe semina ya siku tatu juu ya sehemu za mashua, chakula juu yao, na atakayeshindwa mtihani asikaribie maji yoyote, yakiwemo ya kisima. Tano, ambalo ndilo nililopaswa kulitanguliza, Priscila na watoto warudi kabla ya Jumapili. Nyumba ni kubwa. Jana nilipika ugali wa watu wanne kwa mazoea, nikautazama.

Nisalimie shemeji Nzeyimana, Mama Mdogo Felisita, katekista, na wote waliokuwa wanasubiri rubisi. Wiston mwambie mkono ule aliutumia vizuri. Mama naye nisalimie, kwa kupitia Agness.

Mkweo aliyelowa, nikiwa bado na imani na kikao cha ukoo,

Ansbert Mihayo.

Nyongeza: Baba, barua ilikuwa imeshafungwa. Frednand anakuja huko Nyakisasa na gari la mbegu na alikuwa ananisubiri mlangoni, nikaenda kuanua suruali niliyoivaa Jumamosi ili nivae nimsindikize. Nimeingiza mkono mfukoni. Kizibo kimo. Nakumbuka sasa: nilikifungua mwenyewe asubuhi ile nikitoa maji ya mvua, honi ikalia, nikakitia mfukoni nisikipoteze. Hakijapotea. Mama hakukigusa hata kidogo, na hata ufukweni, alipoweza kunijibu, alinyamaza.

Hizo kamba nilizosema nilikuwa nazishughulikia, ukweli ni kwamba zilikuwa zinanishughulikia mimi. Zilinifunga miguu na mkono, na nilikuwa nimeshakunywa ziwa la kutosha kuaga. Nilisikia jina langu likiitwa na nikajua nielekee wapi. Mweleze Mama kwamba naomba radhi, na safari hii nakuomba usipitishie kwa Agness. Nitakuja Jumamosi kuitamka mwenyewe, nikiwa nimesimama mbali kama inavyotakiwa.

Ombi la mbuzi nimelifuta. Huyo aliyefungwa nyuma ya gari la Frednand ni wa Mama. Ni jike, nimemkagua, si kilema. Na mashua inakuja juu ya tela. Mwambie aijaze ndizi. Kizibo nimeshakirudisha mahali pake, lakini akikague yeye.