Mke wa Nane

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Siku ya thelathini na nane ya ndoa! Ladislas wangu kanywa uji huku ananiangalia. Nikaunguza maandazi. Habari kubwa: Gaudensi, mpiga video za harusi, anataka kuligeuza filamu lile igizo la nyimbo la vijana wa parokia, "Kisima cha Wake Saba". Jamaa anawatumbukiza wake zake kisimani mmoja mmoja, na kila mmoja anamwimbia kwanza. Baada ya Pasaka tulilicheza ukumbini kwa taa moja ya chemli. Mama mmoja wa Misunkumilo alizimia. Raha!

Muuaji alikuwa Nathanael. Mkewe, Vénérande, mpaka leo anatembea kama ameolewa na simba. Basi. Kwenye filamu muuaji atakuwa mume wangu.

Jumanne, 5 Agosti

Kumbe Gaudensi hana mkanda mtupu. Mikanda inatoka Tabora na treni, na treni, kasema, ni ya Mungu. Nikamwuliza kama anayeleta mkanda anachagua muuaji. Akasema hata wa kuuawa achague.

Mkanda ninao! Wa harusi yetu. Ni wa saa tatu, na harusi haifiki hata saa mbili. Filamu itakaa nyuma ya harusi, kimya, kama mgeni sebuleni. Ladislas sijamwambia. Mkanda huo anamtunzia mama yake wa Magamba, ambaye siku ya harusi alilazwa kwa malaria. Anakuja Jumapili kumwona mwanawe akila kiapo. Jumapili bado mbali.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumepiga filamu. Saa sita, jua la utosi, maana kamera ya Gaudensi haioni gizani. Kisima cha kweli, na wanawake wa kweli na ndoo zao, wakiuliza tutamaliza kuua saa ngapi, wao wanataka maji. Mashine ya kusaga ikanguruma katikati ya wimbo wa mke wa tatu. Ladislas ana sauti ya asali. Anaua kama anaomba radhi. Mke wa tano alimwambia asante.

(Humu tu: Nathanael alitisha zaidi. Na lile giza! Nalikumbuka lile giza.)

Vénérande akapita, akauliza kwa sauti kama huyu ni muuaji au katekista. Wivu. Nilimtazama Ladislas kupitia kamera. Kope zake! Nikasahau yote yaliyoharibika siku hiyo.

Jumapili, 10 Agosti

Banda la video la Mzee Amri limejaa. Mama mkwe benchi la mbele. Nimemwambia inaanza harusi, halafu filamu.

Ikaanza. Kisima!

Gaudensi aliurudisha mkanda mwanzo. Eti kila mkanda yeye huuanza mwanzo, ndiyo nidhamu ya kazi. Misa, pete, viapo: vyote vimezama. Na filamu yenyewe, watu wanapiga miayo. Kuku kakatiza mbele ya maiti. Mke wa saba akazama, kioo cha runinga kikawa mistari mistari, halafu ghafla mimi! Na shela! Ladislas ananilisha keki, vigelegele. Banda zima likasimama. Mtu akapiga kelele kwamba wa nane kamweza. Wakadai irudiwe mara tatu. Hata Vénérande alifuta machozi.

Mama mkwe akaniuliza polepole: mwanangu, kiapo alikula kabla au baada ya kuwaua wenzio?

Ladislas hakucheka. Njiani hakunishika mkono. Akasema kile kiapo alikifanyia mazoezi wiki mbili, alitaka mama yake amwone. Basi, hapo nililia kweli.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi mama mkwe katuamuru tuape upya mbele yake. Jikoni. Ladislas na kaptula, mimi na mwiko. Hakukosea hata neno. Na akanishika mkono. Mama akalia, mimi nikalia, ugali ukaungua. Nimesamehewa! Nimeapa mbele ya wote wawili kwamba mkanda wa harusi yetu sitaugusa tena maisha.

Mchana Gaudensi akapita. Mzee Amri anataka sehemu ya pili, ya mke wa nane. Mimi! Shida ni ileile, mkanda.

Wifi yangu Providence, aliyeolewa Kabungu, ana wa harusi yake. Hajautazama tangu mwaka juzi. Safari hii nitamwambia Gaudensi asiurudishe mwanzo. Nitamwambia mara mbili.