Kushuka kwa Emilian Katika Mteremko wa Minyaa

Wekeni chini michi yenu, enyi mtwangao uwele. Zimeni pikipiki zenu, enyi vijana wa kijiweni. Na wewe mwenye kuku wapiga kelele, wafunike kwa tenga, maana habari niliyobeba ni nzito na sitairudia. Nitawasimulia Emilian, seremala wa Kilimatinde, mwenye mabega mapana na mikono ya chuma, lakini mwoga kama kunguru mbele ya mteremko: jinsi alivyopanda baiskeli yake siku ya Jumamosi na kuushuka Mteremko wa Minyaa mchana kweupe, watu wakimwona.

Mteremko wenyewe niueleze, nisije nikaitwa mwongo. Una kona tatu. Mtu wa haraka huumaliza kwa miguu kabla uji wake haujapoa. Watoto wa darasa la pili huushuka wawili wawili kwenye baiskeli moja, wa nyuma akitafuna muwa. Mama mwenye mimba ya miezi minane huushuka na ndoo kichwani na simu sikioni. Lakini kwa Emilian, tangu siku ile ya mayai, haukuwapo mlima mkali kuliko huo chini ya jua.

Na siku ya mayai ilikuwa hivi. Miaka minane imepita tangu Emilian ampakie mkewe, Yasinta, kwenye keria, trei mbili za mayai mapajani, wakienda kwenye ubatizo. Katika kona ya tatu baiskeli ilikataa amri, ikaingia na jeshi lake lote ndani ya ua wa minyaa. Hakuumia mtu. Yalianguka mayai sitini, yote mashujaa. Yasinta akainuka, ute ukimchuruzika kwenye kitenge kipya, akanena mbele ya umati: "Emilian, mbele ya Mungu na hawa wanaocheka, sikai tena nyuma yako mpaka nikuone kwa macho yangu haya ukishuka toka juu mpaka chini, mguu usiguse ardhi!"

Basi tangu hapo kila Jumapili Yasinta alikwenda kanisani bondeni kwa miguu, hatua kumi mbele, na Emilian akafuata nyuma akiikokota baiskeli kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani. Watu walicheka, wakachoka kucheka, wakazoea. Emilian hakuzoea. Aliukumbuka mkono wa Yasinta kiunoni mwake, na jinsi alivyokuwa akimwimbia mgongoni nyimbo za kwaya, sauti ya pili. Alimkosa mkewe, na mke yumo humo humo ndani, anampakulia ugali kila siku.

Ilipofika Jumamosi hiyo, Emilian akaamka akasema imetosha. Akaenda kwa Miraji, fundi baiskeli, tabibu wa breki na mfufuaji wa mipira iliyokufa. Miraji akaigeuza baiskeli miguu juu, akabadilisha mipira ya breki, akatia mnyororo mafuta ya alizeti, kisha akanena, bisibisi mkononi: "Ewe Emilian! Breki zimeshika, tairi limejaa, kengele inalia. Kilichobaki kulegea ni wewe mwenyewe."

"Miraji, nikianguka tena, itakuwaje?"

"Utainuka kaka, ndiyo kazi ya aliyeanguka. Nenda, una wateja wanakusubiri huko chini."

Ilikuwa kweli. Habari ilikwishatangulia kwa simu. Chini ya mteremko, penye bomba la maji, kina mama walikuwa wamepanga ndoo na kupanga macho, na katikati yao alisimama Yasinta, mikono kifuani.

Emilian akapanda. Akajikunja juu ya usukani, akamwomba Mama wa Msaada aliye mbinguni, akaachia. Ah! Changarawe zikalia, upepo ukalijaza shati lake, na kuku wawili wakakimbia njiani wakieneza habari. Kona ya kwanza akaipita akiwa amefumba jicho moja. Kona ya pili akaipita macho yote mawili wazi, ingawa mbuzi alimtazama vibaya. Kasi yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtoto aliyekuwa akitembea kando yake ilibidi aharakishe kidogo ili waendelee kuwa sambamba.

Ikabaki kona ya tatu. Na pale penye kona, juu ya jiwe, mfuko wa uwele miguuni, akiwa njiani kwenda mashineni kusaga, ameketi Bibi Dina. Bibi mzaa mama yake Yasinta!

Hapa, wasikilizaji wangu, nawaomba msikohoe. Mnajua nyote: mwenye baiskeli akimkuta mzee njiani hushuka. Shikamoo ya juu ya kiti si shikamoo, ni matusi yenye kengele. Na kutoka bombani kona ile inaonekana wazi kama mkono. Emilian akaona miaka minane mbele yake na bibi mmoja katikati. Moyo ukamwambia pita, piga kengele, utaomba radhi kesho. Mikono yake, iliyolelewa na mama mkali wa Kigogo, ikakamata breki bila kumuuliza.

Baiskeli ikasimama. Mguu wa kulia ukagusa ardhi. Bombani ukasikika mguno wa watu wengi.

"Shikamoo, bibi," akasema Emilian, kofia mkononi.

"Marahaba, mume wangu. Mbukwa!" akaongeza kwa salamu ya Kigogo. "Huko nyumbani?"

"Salama, bibi."

"Mbuzi?"

"Wazima."

"Sasa mbona uso umekuwa wa msibani?"

Emilian akamweleza yote: mayai, kiapo, mguu. Bibi Dina akacheka mpaka akashika jiwe. "Loo! Yaani umeniamkia mimi ukampoteza yule? Basi hujapata hasara, mke ni mimi hapa. Nipakie, magoti yamegoma."

"Bibi, nitakuangusha!"

"Niangushe! Nimeanguka tangu enzi za mkoloni na bado nipo. Shika usukani."

Akakaa upande, mfuko mapajani, akampitisha Emilian mkono kiunoni, akapiga kigelegele. Nao wakaupita ule ua wa minyaa, ua uleule, seremala, bibi na uwele, wala hakuna punje iliyomwagika. Emilian alikanyaga pedali njia nzima. Wakasimama mbele ya Yasinta.

"Mguu umegusa," akasema Yasinta.

"Umegusa," akakiri Emilian, kichwa chini.

"Nimeuona. Na nimeona ulivyovua kofia." Sauti yake ikapungua. "Ungempita bibi yangu, ningekuhesabia kosa kama la yale mayai."

Bibi Dina hakushuka. Alijikalisha vizuri zaidi. "Mke mwenzangu, usijisumbue. Miaka minane kiti kimekaa bure, nimekichukua. Kesho naenda kanisani na mume wangu, wewe tangulia tu kwa miguu kama kawaida yako."

Kina mama wakaangua kicheko. Yasinta hakucheka. Alimtazama bibi yake, akautazama ule mkono wa kizee uliokumbatia kiuno cha mumewe, na uso ukambadilika.

"Bibi, shuka," akasema. "Hicho kiti kina mwenyewe."

Iandikwe basi, na watoto wasomewe: Jumamosi hiyo, saa tatu na robo asubuhi, Yasinta aliketi kwenye keria ya Emilian, mfuko wa uwele mapajani, mkono wake ukarudi mahali pake. Wakaenda mpaka mashineni, hatua arobaini, tambarare tupu. Katikati ya safari hiyo ndefu Emilian akasikia mgongoni mwake sauti ya pili. Na nyuma yao, kwa miguu, hatua kumi, alikuja Bibi Dina akidai talaka yake.